Damu Katika Miezi ya Kwanza ya Mimba: Somo kwa Mama Aliyewahi Kupoteza Mimba

Somo la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo akina mama wengi walijua, lakini ni wachache walitajao: kuona damu na kusikia tumbo likisokota katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Twalisema hasa kwa ajili ya mama ambaye mimba yake ya zamani iliharibika, na kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake.

Mama wa namna hiyo haogopi kama waogopavyo wengine. Mwenzake akiona tone la damu hushangaa. Yeye huona msiba wa kwanza umerudi mlangoni. Hapo hatari mbili humngojea. Ya kwanza ni kukata tamaa upesi. Husema, "Imekwisha," akakaa kimya, au akanywa dawa ya kusafisha tumbo, na kumbe mtoto yu hai. Ya pili ni kudhani kwamba aijua njia hii kwa kuwa ameipita. Hungoja nyumbani mpaka mambo yaishe yenyewe kama mara ile, na kumbe safari hii ni ugonjwa mwingine, uwezao kumwua kabla ya mapambazuko.

Basi neno kuu la somo letu ni hili: damu peke yake haitoi hukumu. Haisemi kwamba mtoto amekufa, wala haisemi kwamba mama yu salama. Yasema neno moja tu, nalo ni, "Nenda ukapimwe." Na mimba ya leo isihukumiwe kwa habari ya mimba ya jana.

1. Kuhesabu majuma

Wakunga na madaktari huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mama aliyekosa hedhi yake, akapimwa mkojo na kuambiwa ana mimba, huwa tayari amefika juma la 4 au la 5. Katika somo hili, tunaposema "miezi ya kwanza," twataka kusema majuma 12 au 13 ya kwanza. Ni vizuri mama aiandike tarehe ya hedhi yake mahali asipopotea, maana ni swali la kwanza atakaloulizwa, na majibu ya vipimo vingi hufasiriwa kwa hesabu hiyo.

2. Damu hutoka wapi?

Katika kila akina mama wanne wenye mimba, mmoja hivi huona damu katika majuma hayo. Zaidi ya nusu yao huendelea na mimba, nao huzaa. Yafaa neno hili likumbukwe, kwa maana wengi hudhani kwamba kila atokwaye na damu amekwisha poteza.

Damu hiyo ina asili nyingi. Pengine ni matone machache wakati mimba inapojishikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Pengine yatoka katika mlango wa kizazi, ambao wakati wa mimba huwa laini na wenye damu nyingi, hata kuguswa kidogo kwaweza kuutoa damu. Au mlango huo una uvimbe au ugonjwa unaotaka kutibiwa. Mara nyingine damu hukusanyika kando ya mfuko wa mimba, kati yake na ukuta, kisha hutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mkusanyiko huo, ukiwa mdogo, mara nyingi hunyonywa na mwili na kutoweka. Na mara nyingi sababu yenyewe haionekani kabisa, damu ikakoma, na mimba ikaendelea.

Lakini ziko sababu tatu zilizo nzito. Kwanza, mimba inaharibika. Pili, mimba imetunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi katika mmoja wa mirija ya uzazi. Hii hutokea kwa mama mmoja au wawili hivi katika kila 100. Tatu, ambayo ni ya nadra, ni mimba zabibu, yaani kondo limekua vibaya kama kishada, wala hapana mtoto awezaye kuishi humo. Mimba zabibu hutaka kutolewa hospitalini, kisha mama apimwe damu mara kwa mara mpaka iwe hakika kwamba haikuacha mabaki.

Rangi ya damu husaidia kidogo tu. Damu ya kahawia kwa kawaida ni ya zamani, iliyokawia njiani; nyekundu ni mpya. Damu nyingi yenye mabonge na maumivu makali hututia mashaka zaidi kuliko matone. Lakini hata matone yasidharauliwe, kwa sababu tutakazoziona.

3. Maumivu ya tumbo

Maumivu mepesi, kama yale ya siku za hedhi, ni jambo la kawaida. Mji wa mimba unakua, na kano zinazoushika zinavutika. Tena katika mimba choo huwa kigumu, na tumbo hujaa hewa. Maumivu ya namna hii huja na kuondoka, nayo hupungua mama akipumzika au akibadili mkao.

Mengine si ya kawaida. Maumivu yanayokuja kama mawimbi, kila wimbi likizidi lililotangulia, pamoja na damu nyingi, yaweza kuwa alama ya mimba kutoka. Maumivu ya kuchoma wakati wa kukojoa, pamoja na homa, huonyesha ugonjwa wa njia ya mkojo, nao hutibika. Na maumivu ya upande mmoja wa tumbo chini, yasiyotulia, yatufanya tufikiri kwanza mimba ya nje ya kizazi.

Tukae kidogo katika habari hii ya mwisho, kwa maana ndiyo iuayo. Mrija wa uzazi ni mwembamba. Haukuumbwa kulea mtoto. Mimba ikikua humo, mrija hutanuka, kisha hupasuka, na damu humwagika ndani ya tumbo. Kwa nje mama huona matone machache tu, au asione kitu. Ndiyo maana twasema kipimo cha hatari si wingi wa damu ionekanayo. Damu iliyomwagika ndani husumbua kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu hupeleka maumivu yake begani. Mama mwenye mimba changa akisema, "Bega langu laniuma, wala sikuanguka wala sikubeba kitu," jamaa zake wasimkande kwa maji moto. Wampeleke hospitali saa ile ile. Aliyewahi kupata mimba ya nje, au aliyepasuliwa mrija, au aliyepata ugonjwa wa nyonga, ana hatari kubwa zaidi ya kuipata tena. Huyu na aende kupimwa mapema kila achukuapo mimba, hata asipoona damu.

4. Dalili zisizongoja asubuhi

Mama aendapo kupimwa kwa matone madogo, bila maumivu makali, aweza kwenda kesho yake mchana. Lakini akiona moja katika haya, asingoje, hata kama ni usiku:

(a) Damu inalowesha pedi mbili katika saa moja, na saa ifuatayo vivyo hivyo.
(b) Maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja.
(c) Maumivu ya bega yasiyo na sababu.
(d) Kizunguzungu, kuzimia, jasho baridi, au moyo kwenda mbio.
(e) Homa, baridi ya mwili, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.

Aende mahali penye daktari awezaye kupasua na penye akiba ya damu, kama njia yapatikana. Asizungushwe kutoka zahanati moja hata nyingine. Ndugu wawili watatu wafuatane naye, maana pengine watahitajiwa kutoa damu. Asiende peke yake juu ya pikipiki, kwa sababu akizimia njiani hana wa kumshika.

Akingoja usafiri, asitie kitu chochote ukeni, wala majani wala dawa. Avae pedi au kitambaa safi, ili wauguzi waone kiasi cha damu. Kwa maumivu aweza kumeza parasetamoli. Ajiepushe na diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo asipoagizwa na daktari. Ikiwa kitu kama kipande cha nyama kimetoka, akichukue katika chombo safi, maana kukitazama kwaweza kuwasaidia madaktari.

5. Atakayoyakuta hospitalini

Yafaa mama ajue mapema yatakayofanywa, ili hofu isimzidi. Atapimwa mapigo ya moyo na nguvu ya damu. Atapimwa mkojo, wingi wa damu mwilini, na kundi la damu. Ikiwa kundi lake ni la Rhesus hasi, na aulize kama ahitaji sindano maalum, ambayo kazi yake ni kuuzuia mwili wa mama usipigane na damu ya watoto watakaofuata.

Kisha kuna kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, ambacho wengi hukiita altrasaundi. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, waliandika habari za kulichunguza tumbo kwa mawimbi hayo, na kazi yao ndiyo iliyowafungulia wakunga mlango huu. Kabla ya hapo, mama aliyetokwa na damu alingoja tu, asijue kama ndani mna uhai. Leo kipimo hiki chaweza kuonyesha kama mimba imo katika mji wake, na tangu juma la 6 hivi chaweza kuonyesha moyo wa mtoto ukipiga. Hakimdhuru mtoto. Wakati mwingine chombo kidogo huingizwa ukeni ili kuona vizuri. Hiki nacho hakisababishi mimba kutoka.

Hapa pana neno gumu ambalo mama na alijue. Mara nyingi daktari husema, "Sioni moyo bado; rudi baada ya siku 7 au 14." Hii si hukumu. Pengine hesabu ya majuma ilikosewa, na mimba ni changa kuliko tulivyodhani. Pengine pia damu hupimwa homoni ya mimba mara mbili, saa 48 zikipita kati, ili kuona kama yapanda ipasavyo. Mama asikubali kusafishwa kizazi kwa haraka kwa sababu ya picha moja tu isiyo wazi, ikiwa hatokwi na damu nyingi wala hana dalili ya hatari. Lakini siku hizo za kungoja ni nzito kuliko gunia. Mama aliyepoteza mimba zamani asiachwe azibebe peke yake. Na dalili za hatari zikitokea kabla ya siku aliyopewa, arudi upesi.

Ikiwa imekuwa hakika kwamba mimba imeharibika, ziko njia tatu: kungoja mwili umalize wenyewe, kupewa vidonge vya kuusaidia, au kusafishwa kizazi kwa chombo cha kuvuta. Kila njia ina mahali pake, na mama ana haki ya kuelezwa zote. Baadaye akipata homa, harufu mbaya, au damu isiyopungua, huenda mabaki yamesalia, na arudi.

6. Kwa nini ile ya kwanza iliharibika?

Swali hili humkaa mama moyoni miaka mingi, naye mara nyingi hujishitaki: "Nilibeba ndoo. Niligombana na wifi. Nilitumia dawa za uzazi wa mpango. Nilishtuka usiku." Na asikie basi. Kazi za kawaida za nyumbani, ugomvi, kushtuka, kukutana na mumewe, au njia za uzazi wa mpango alizokwisha ziacha, si sababu za mimba kuharibika.

Katika kila mimba 100 zilizotambuliwa, kati ya 10 na 20 hutoka, nyingi kabla ya juma la 12. Na nusu hivi ya hizo za mapema hutoka kwa kosa lililotokea mwanzo kabisa. Yai la mama na mbegu ya baba kila kimoja huleta nyuzi 23 zenye maagizo ya kuujenga mwili, ziitwazo kromosomu, jumla 46. Uzi mmoja ukizidi au ukipungua, mara nyingi jengo haliwezi kuendelea. Kosa hilo hutokea kwa bahati. Si la mama wala si la baba, na kwa kawaida halijirudii mara ya pili. Huongezeka kwa umri: kwa mama wa miaka 45, zaidi ya nusu ya mimba hutoka.

Ziko sababu nyingine zinazozuilika au kutibika: malaria, kaswende, kisukari kisichotunzwa, ugonjwa wa tezi ya shingo, tumbaku na pombe. Ndiyo maana twahimiza chandarua, na kuhudhuria kliniki tangu miezi ya kwanza badala ya kungoja tumbo lionekane.

Mama aliyepoteza mimba moja, tumaini lake ni kubwa: katika wenzake 100, wapatao 80 hufaulu mara ifuatayo. Hata waliopoteza tatu mfululizo, walio wengi huzaa baadaye. Lakini aliyepoteza mbili au tatu na achunguzwe yeye na mumewe, kwa maana liko tatizo la damu kuganda upesi mno, na kasoro za umbo la kizazi, ambazo zina tiba.

Wengi huuliza pia, "Ningoje muda gani?" Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri miezi 6. Uchunguzi uliofuata haukuona kwamba waliochukua mimba mapema kuliko hapo walipata madhara zaidi. Basi mama na mumewe wapange pamoja na mkunga, wakiangalia afya ya mama, wingi wa damu yake, na utulivu wa moyo wake.

7. Je, iko dawa ya kuizuia damu?

Kwa miaka mingi akina mama waliambiwa walale kitandani bila kuinuka. Uchunguzi haukuonyesha kwamba kulala huko kwazuia mimba kutoka. Aliyechoka apumzike, na apunguziwe kazi nzito. Lakini aliyeinuka kupika asiambiwe kwamba ameua.

Dawa moja imeonyesha msaada kwa wale ambao somo hili lawahusu. Mwaka 2019 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi ulioitwa PRISM, uliofanywa kwa akina mama 4,153 waliotokwa na damu katika miezi ya kwanza. Nusu yao walipewa projesteroni, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kuilea mimba, na nusu walipewa dawa isiyo na nguvu, bila wao kujua ni ipi. Kwa wale ambao hawakuwahi kupoteza mimba, hapakuwa na tofauti. Kwa waliopoteza moja au zaidi, 75 katika kila 100 waliopewa projesteroni walizaa mtoto hai, na 70 katika kila 100 wa upande wa pili. Kwa waliopoteza tatu au zaidi, walikuwa 72 kwa 57. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 washauri dawa hii apewe mama mwenye mambo mawili pamoja: atokwa na damu sasa, tena amewahi kupoteza mimba, na kwanza picha ionyeshe kwamba mimba imo katika mji wake.

Dawa hii haiponyi mimba yenye kosa la kromosomu, wala haitibu mimba ya nje. Kwa hiyo isinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Lakini mama asione haya kumwambia daktari, "Niliwahi kupoteza mimba, je, projesteroni yanifaa?" Asipoitaja habari hiyo ya zamani, daktari hataijua.

8. Kwa watu wa nyumbani na waalimu

Mume asimwachie mkewe na mama mkwe jambo hili. Yeye ndiye wa kuweka akiba ya nauli tangu mimba ijulikane, na wa kujua ni gari la nani litakaloitwa usiku. Mama mkwe asimwulize mkwewe amekosa nini. Na mwalimu aitwapo katika nyumba ya namna hii, asianze kwa kutafuta dhambi wala laana. Tumeona katika sehemu ya sita sababu zilivyo. Kwanza aulize kama mama ameonwa na mkunga, na kama bado, asaidie afike. Kisha akae nao. Mimba ya majuma 8 haina kaburi linaloonekana, wala watu hawaji matanga. Lakini mama amepoteza, na baba pia. Neno "Utapata mwingine" lina ukweli, ila siku ile halimfariji aliyeachwa mikono mitupu. Husaidia zaidi aliyechota maji, akapika uji, akakaa akasikiliza.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini damu kidogo yaweza kuwa na hatari kuliko damu nyingi?
2. Taja dalili tano zisizongoja asubuhi.
3. Daktari akisema, "Rudi baada ya juma moja," maana yake ni nini, na sisi tumfanyie nini mama siku hizo?
4. Katika mtaa wetu, mama akizidiwa usiku, ni nani mwenye chombo, na hospitali iwezayo kupasua i wapi? Majina na njia yaandikwe leo, kabla ya kuondoka mkutanoni.